Tuwalinde mbayuwayu bila kuwafunza watoto chuki

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Uani mwangu hapa Eldoret mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona. Mgeni huyo ni shomoro wa mjini, ambaye wengine humwita jurawa. Mwenyeji ni mbayuwayu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akijenga kiota chake cha tope chini ya paa la baraza yangu. Ninaandika kuhusu ugomvi wao si kwa kuwa nimekosa mambo makubwa ya kuandika, bali kwa kuwa ugomvi huo uliniponza mimi mwalimu, na ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wao wasije wakaponzeka jinsi nilivyoponzeka mimi.

Kwanza niwajulishe wahusika. Mbayuwayu ninaowazungumzia si wale wasafiri wanaotujia kutoka Ulaya kuanzia mwezi wa Septemba na kuondoka tena ifikapo Aprili. Hawa wangu ni wa papa hapa Afrika. Kichwa na kiuno chao ni cha rangi ya kutu, mgongo ni wa buluu iliyoiva, na kifua cheupe kimepigwa michirizi myeusi mithili ya ukurasa wa daftari. Mvua za Machi na Aprili zinyeshapo na njia zetu kujaa matope, dume na jike huteremka dimbwini, wakachota tope kwa midomo na kulibandika chini ya paa tonge kwa tonge. Baada ya mamia ya safari kiota hutokea mfano wa kibuyu kilicholazwa ubavu, chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba ya kuingilia. Hapa Uasin Gishu, ambako mursik hugandishwa vibuyuni, hakuna mtoto asiyelitambua umbo hilo. Katika mwaka uliokuwa wa neema zaidi nilihesabu viota sita baina ya nyumba yangu na nyumba mbili za majirani.

Shomoro naye si wa kudharauliwa. Dume ana utosi wa kijivu, kisogo cha hudhurungi, mashavu meupe, na koo jeusi kama aliyejipaka masizi. Jike ni wa rangi ya vumbi. Hawajui kufinyanga tope. Wao hutafuta tundu, liwe la ukutani, la darini au la mtini, wakalijaza nyasi, manyoya, vipande vya karatasi na nyuzi za magunia. Wanapokosa tundu tupu, kibuyu cha mbayuwayu huwafaa sana. Mdomo wa shomoro ni mnene, umeumbwa kuvunja punje, ilhali wa mbayuwayu ni mfupi na mwepesi, umeumbwa kunasa wadudu hewani. Wakutanapo mlangoni mwa kiota, matokeo hayahitaji mtabiri. Shomoro hutoboa mayai, hutupa makinda nje, kisha huanza kuingiza nyasi zake kana kwamba nyumba ile aliijenga yeye.

Je, ndege huyu alitoka wapi? Asili yake ni Asia na Ulaya. Huku kwetu alifikia Mombasa katika karne iliyopita, akiwa abiria wa meli asiyekata tiketi. Kwa muda mrefu alikuwa ndege wa pwani, kisha akaanza kupanda bara, mji baada ya mji, akifuata maskani ya watu kwenye barabara kuu na reli. Mwaka wa 2012 watafiti wawili, Andrea Liebl na Lynn Martin, walichapisha uchunguzi uliowalinganisha shomoro wa miji mbalimbali ya Kenya tangu Mombasa hadi Kakamega. Waligundua kwamba wale wa miji iliyofikiwa karibuni walikuwa wepesi zaidi wa kupekuapekua mambo mapya, na walipokamatwa miili yao ilitoa homoni ya mfadhaiko kwa wingi kuliko ya wenzao wa Mombasa. Kwa maneno mengine, walio mstari wa mbele ni wadadisi na ni wepesi wa kushtuka. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpokea mwanafunzi mgeni katikati ya muhula ataielewa tabia hiyo.

Hata hivyo, hakuna mgeni anayekaa pasipo na chakula, na hapa ndipo lawama inapoanza kutugeukia. Eldoret ni mji wa nafaka. Mahindi na ngano za nyanda hizi hupita mjini kwa malori, na kila gunia lililotoboka huacha ushuru wake barabarani. Kwenye vinu vya kusagia unga, punje husambaa mlangoni kutwa nzima. Mikahawa hukung'uta makombo ya chapati nje. Nyumbani tunawamwagia kuku chakula asubuhi na kukiacha hadi jioni. Shuleni, mapipa ya jikoni hayana vifuniko, na masalio ya githeri hulala wazi wikendi nzima. Kisha tunashangaa shomoro wametoka wapi! Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nisimulie kosa langu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilifungua mlango nikakuta makinda manne ya mbayuwayu sakafuni, macho yao hayajafumbuka bado, sisimizi wamekwisha kuwafikia. Juu yangu, unyasi ulikuwa unaning'inia kwenye shingo ya kiota. Nilikwenda shuleni nikiwa na hasira, na hasira ni mshauri mbaya. Somo langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi wa Gredi ya 8. Nikaacha niliyokuwa nimeyaandaa, nikawasimulia habari za shomoro kwa ufasaha wote niliojaliwa. Nilisema kwamba hawa ni wageni waliotuvamia. Nilisema wamewapokonya wenyeji makao yao. Nilisema, na neno hili nalikumbuka vizuri, kwamba hawana budi kufurushwa.

Siku ya tatu wavulana wanne waliniletea boksi la chaki huku wakitabasamu kama watu waliotumwa wakatumika. Ndani mlikuwa na ndege tisa waliouawa kwa manati. Niliwapanga mezani mmoja mmoja. Wawili tu ndio waliokuwa shomoro wale nilioshitaki darasani. Sita walikuwa shomoro wetu wa kienyeji, ambao wameishi katika nyanda hizi tangu kabla ya kuwapo bati la kwanza. Wa tisa alikuwa na kifua cheupe chenye michirizi myeusi.

Niliwauliza walitumia kipimo gani kuwatambua. Mmoja akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, ulisema ni wageni, wana rangi ya kijivu na hudhurungi. Tulipiga wote waliofanana hivyo." Nikamwonyesha yule wa tisa. Akainamisha kichwa, akasema, "Huyo alipita katikati."

Nilidhani hilo ndilo lililokuwa funzo la siku hiyo, nikajiandaa kuwafundisha tofauti za manyoya. Lakini msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye si mwepesi wa kuzungumza, aliinua mkono. Akauliza, "Mwalimu, na sisi ambao babu zetu hawakuzaliwa hapa, tutafurushwa lini?"

Darasa zima lilinyamaza. Msomaji aliyeishi Eldoret hahitaji kuelezwa kwa nini. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji huu na vijiji vinavyouzunguka viliona watu wakifukuzwa makwao, nyumba zikichomwa, na roho zikipotea, na maneno yaliyotangulia moto ule yalikuwa ni hayo hayo: mgeni, mwenyeji, ondoka, rudi kwenu. Watoto wa darasa langu walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Lakini watoto husikia. Wanasikia jikoni, wanasikia matatuni, wanasikia wakati watu wazima wanapodhani wamelala. Nami, mtu mzima mwenye shahada ya ualimu, nilisimama mbele yao nikautumia msamiati ule ule bila kutafakari, eti kwa sababu ya ndege!

Siku hiyo sikuwa na jibu la haraka. Niliwaambia kwamba nimekosea na kwamba nitarudi na maelezo kesho yake. Usiku ule nilikaa na kuyapima maneno yangu kama mwenye duka apimavyo sukari. Yafuatayo ndiyo niliyowaeleza, nami nayaandika hapa kwa walimu wengine watakaotaka kufundisha jambo hili, kwa kuwa ni jambo linalofaa kufundishwa.

Kwanza, ndege si mfano wa binadamu, na mwalimu asikubali afanywe hivyo. Tunaposema kwamba aina fulani ya ndege imeingizwa mahali, tunaeleza historia ya spishi: ilibadilika na kukua na viumbe gani, imezoeana na nani, na nani hajajifunza kujikinga nayo. Binadamu wote ni spishi moja. Kati ya Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mhindi wa hapa Eldoret hakuna tofauti ya aina hiyo hata chembe. Mwanadamu huishi mahali kwa haki. Kifungu cha 39 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya. Shomoro hana katiba, na kwa sababu hiyo hawezi kutumiwa kuitafsiri ya watu. Nilimgeukia msichana yule nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hapa ni kwao.

Pili, hata huyo shomoro hana dhambi. Hakuchagua kupanda meli. Hatunzi kinyongo juu ya mbayuwayu. Anatafuta tundu na punje, nasi tumempa vyote viwili. Kule Uingereza, ambako ni mwenyeji wa tangu jadi, idadi yake imeporomoka mno hata tangu mwaka wa 2002 amekuwa katika orodha nyekundu ya ndege wanaotiliwa wasiwasi mkubwa. Huko kuna watu wanaomlilia shomoro huyu huyu tunayemwinulia manati. Mwenzangu anayefundisha somo la dini alinikumbusha kwamba Zaburi ya 84 inawataja shomoro na mbayuwayu pamoja, kila mmoja akiwa amejipatia makao karibu na madhabahu. Nilimjibu kwamba katika nchi ya mtunga zaburi wote wawili walikuwa wenyeji wa siku nyingi, wakijuana mbinu. Tatizo la hapa kwetu ni mahali na hali.

Tatu, kutomchukia shomoro hakuna maana ya kumwachia mbayuwayu aangamie. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo watakaosema, "Waache, hiyo ni kazi ya maumbile." Si kweli. Aliyejenga bandari, reli, barabara, bohari za nafaka na mapipa yasiyo na vifuniko si maumbile, ni sisi. Anayevuruga mizani kisha akajitenga kando akisema mizani ijisawazishe yenyewe, huyo anakwepa kazi tu. Mbayuwayu alituamini akaja kujenga juu ya milango yetu. Mlinzi wa mlango ni mwenye nyumba.

Basi ulinzi huo uwe wa namna gani? Tutazame waliotutangulia katika mkasa huu. Huko Amerika Kaskazini yuko ndege wa ukoo huo huo wa mbayuwayu, mkubwa kuliko wetu, ambaye dume lake lina rangi ya zambarau inayometa. Tangu zamani, kabla ya ujio wa Wazungu, wenyeji kama Wachoctaw na Wachickasaw walikuwa wakimtundikia vibuyu mitini ili ajenge karibu nao. Naam, vibuyu! Baadaye walowezi waliiga desturi hiyo, na hivi leo mashariki mwa Milima ya Rocky ndege huyo anategemea karibu kabisa vibuyu na vijumba anavyowekewa na watu.

Mnamo miaka ya 1850 watu wa Brooklyn, New York, walileta shomoro kutoka Uingereza, wengine wakitumaini kwamba wangewala viwavi mitini. Kufikia mwaka wa 1889 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imechapisha kitabu kizima kuhusu hasara aliyoleta shomoro huyo. Mbio zake zilikuwa zimekwisha kuwapita wenye mitego na bunduki. Hakuna aliyemwondoa hadi leo. Baadaye aliongezeka kwezi wa Ulaya, naye ni mpokonyaji wa matundu vile vile.

Hata hivyo, mbayuwayu wa zambarau hakutoweka, kwa sababu wapo watu, wengi wao wastaafu na wanafunzi, ambao kila wiki wakati wa kutaga huteremsha vijumba vile kwa kamba, wakahesabu mayai, wakatoa nyasi za shomoro, wakaandika katika daftari, wakavipandisha tena. Kwezi huzuiwa kwa kutoboa mlango wenye umbo la mwezi mwandamo ambao hauwezi kupita. Shomoro ni mdogo mno kuzuiwa hivyo, kwa hiyo kwake hakuna dawa ila jicho na mkono wa mwenye nyumba, wiki baada ya wiki. Vita vya bara zima walivishindwa. Ulinzi wa kijumba kimoja kimoja wanaufanikisha kila mwaka. Hili ndilo ninaloomba tulielewe.

Anayetamani njia ya mkato na aangalie China. Mwaka wa 1958 serikali ya nchi hiyo iliwahimiza wananchi wote, wakiwamo watoto wa shule, kuwaua shomoro kwa madai kwamba wanakula nafaka. Shomoro wa huko ni wa spishi nyingine, naye alikuwa mwenyeji. Watu walipiga masufuria na ngoma ndege wasipate mahali pa kutua hadi wakaanguka kwa uchovu. Waliuawa kwa mamilioni. Ndipo ikaonekana kwamba ndege wale walikuwa wakila wadudu pia, na wadudu waliobaki bila adui wakayavamia mashamba. Kosa hilo lilikuwa mojawapo ya yaliyozidisha makali ya njaa kubwa iliyofuata. Haraka haraka haina baraka.

Wengine wataniuliza kuhusu kunguru wa pwani. Ni kweli kwamba kunguru wa Kihindi aliyeingizwa Unguja katika miaka ya 1890 ili kusaidia kusafisha takataka amekuwa balaa la pwani nzima, na kwamba mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Lakini tuzingatie mambo mawili. Kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi ya umma yenye wataalamu, haikukabidhiwa watoto wenye manati. Pili, ilifika hapo kwa sababu kwa zaidi ya karne moja ufa haukuzibwa, sasa unajengwa ukuta. Hapa Eldoret ufa wetu bado ni wa kuzibwa.

Haya ndiyo tunayoyafanya sasa shuleni na majumbani mwetu, nami nayapendekeza kwa shule nyingine.

Tunaanza kwa kujua majina. Hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kugusa chochote kabla hajaweza kuwatofautisha shomoro watatu. Shomoro wetu wa kichwa cha kijivu hana koo jeusi kabisa. Shomoro wetu wa nyanda za juu ana weusi kidogo kooni, lakini kiuno chake ni cha rangi ya kutu na jicho lake limepauka. Yule mgeni ana kiuno cha kijivu na jicho jeusi. Zoezi hili huchukua majuma mawili ya kutazama kwa utulivu, na ni somo la sayansi lililo bora kuliko mengi niliyowahi kuandika ubaoni. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Haya basi, atende.

Kisha tunaondoa karamu. Mapipa ya jikoni yamepata vifuniko. Kuku wanalishwa kwa muda maalumu, na masalio yanafagiliwa. Zamu hii ni ya kila siku na haina sifa yoyote, lakini nimeiona ikipunguza shomoro uani kuliko manati yote ya kijiji.

Tatu, tunaziba matundu. Mianya ya paa na ya kuta, baada ya kuhakikisha kwamba hamna kiumbe ndani, tunaifunika kwa wavu wa waya. Shomoro asiyekuwa na mahali pa kulala hana haja ya kupigania kiota karibu na hapo.

Nne, tunavilinda viota vyenyewe. Mtu mzima, si mtoto, hupanda ngazi na kuondoa nyasi ambazo shomoro ameanza kuziingiza, kabla hajataga. Shomoro hurudi, nasi hurudi. Mwenye subira kubwa zaidi ndiye anayeshinda. Kiota chenye mayai au makinda ya ndege yeyote hatukigusi bila kuomba ushauri wa maafisa wa wanyamapori, maana ndege wa mwituni wanalindwa na sheria ya mwaka wa 2013, wala si mali ya mwenye manati. Isitoshe, nimetundika kwenye ukingo wa baraza nyuzi zilizofungwa nati nzito mwishoni, zikiachana kwa nafasi ya kiganja. Mbayuwayu wangu walizoea kupenya baada ya siku chache; shomoro wengi waliziogopa. Sisemi kwamba dawa hii haikosei, nasema imesaidia.

Tano, tunaacha dimbwi moja la matope wakati wa ujenzi wao, na kupaka rangi kuta tunakungoja hadi makinda yaruke. Fundi anaweza kuja Agosti. Mbayuwayu hawezi kuahirisha mvua.

Sitawadanganya wasomaji kwamba malipo ya kazi hii ni kumalizwa kwa mbu. Huko Marekani iliwahi kuvumishwa kwamba mbayuwayu wa zambarau humaliza maelfu ya mbu kwa siku, watu wakanunua vijumba kwa tamaa hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbu ni sehemu ndogo sana ya chakula chake. Mbayuwayu hula nzi, mchwa wenye mabawa, mbawakawa na wengineo warukao, na hiyo ni huduma ya kutosha. Lakini hata kama asingekula mdudu hata mmoja anayetukera, bado ningemlinda. Mtoto anayefunzwa kuthamini kile tu kinachomletea faida atakuja kuwapima watu kwa mizani hiyo hiyo.

Na hapo ndipo ninapotaka kumalizia. Nilidhani nilikuwa nikifundisha kuhusu ndege, kumbe nilikuwa nikifundisha jinsi ya kumtenga mwingine. Kila mwalimu ana bahari ya maneno, na maneno mengine yamekwisha kutumiwa kuwashia moto. Tukiyatumia kiholela katika somo la sayansi, hatuwezi kujua yatatua wapi yatokapo nje ya mlango wa darasa. Ulinzi wa kweli una macho: unamtambua anayelindwa, unamtambua anayezuiliwa, unajua kikomo chake. Chuki ni kipofu. Huwapiga wote wanaofanana, kisha humpiga yule anayepita katikati.

Boksi lile la chaki bado ninalo. Ndege tuliwazika nyuma ya bustani ya shule, na wavulana wale wanne ndio waliochimba. Sasa ndani ya boksi mna daftari, na daftari huandikwa kwa zamu. Msichana yule wa kiti cha nyuma ndiye mweka kumbukumbu mkuu, kwa kuwa darasa lilimchagua. Msimu huu ameandika viota vinne chini ya mapaa matatu: viwili vilivunjwa na shomoro, viwili vikafaulu. Makinda saba yaliruka.

Saba si idadi ya kupigiwa ngoma. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mvua nyingine ya Machi i njiani. Walimu wenzangu, tazameni juu ya milango ya madarasa yenu kabla haijafika. Nanyi wanafunzi, wekeni manati chini, mchukue kalamu. Mbayuwayu hahitaji askari. Anahitaji jirani anayefagia, anayeziba, anayehesabu, na anayejua jina lake.